Bi Bimdogo Masoud na Jani la Mwingajini

Marehemu Bi Bimdogo binti Masoud alizaliwa Miono tarehe 4 Machi 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Masoud Hija na Bi Adila.

Chuoni alihitimu Kurani, shuleni akaishia darasa la nne. Uganga alifunzwa na bibi yake, Bi Kibibi, aliyemwonyesha mwingajini, kichaka chenye maua ya manjano: majani huchemshwa mwenye homa akajifukiza, mizizi ni ya tumbo la chango. Akamwachia na mwiko: mganga hajichumii dawa. Akiugua, achumiwe na mkono mwingine.

Alikuwa mkali katika kazi yake. Mtoto wa degedege hakumgusa. Aliwafukuza wazazi wampeleke hospitali kwanza.

Kabla ya kuchuma, alikiamkia kichaka. Siku moja mwaka 1974 alisema, "Shikamoo," sauti ikamjibu, "Marahaba, binti." Alitupa jembe akatimua mbio. Kumbe ni Bwana Msabaha Abdala, akitafuta mbuzi wake upande wa pili. Alilirudisha jembe, posa ikafuata. Wakaoana na kuhamia Kerege. Bwana Msabaha alitangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Watoto walisoma, wakaajiriwa. Mama alipowaita porini akawafunze, walisema, "Kesho, mama." Kesho hiyo haikufika.

Agosti mwaka jana aliugua ini. Hospitali walijitahidi, kisha wakamrudisha nyumbani. Homa ilimpanda kila jioni, akaomba mafusho ya mwingajini, angalau apate usingizi. Bintiye, Zuwena, alikwenda akarudi na majani. Marehemu aliyanusa.

"Siyo haya, mwanangu."

Zuwena akaenda tena, na tena.

"Siyo haya. Pumzika sasa, umechoka."

Aligeukia ukutani akalia. Kifo hakukiogopa. "Nimezaa wasomi," alisema, "na nakufa sina wa kunichumia jani."

Alifariki jana, Jumanne tarehe 10 Februari 2026, baada ya magharibi.

Asubuhi ya leo, mwili ukiwa unaoshwa, mama mmoja alifika kutoka Miono na mtoto mwenye homa mgongoni, hana habari ya msiba.

"Hodi. Bi Bimdogo nimemkuta?"

Zuwena alitoka, akamgusa mtoto paji la uso, akarudi ndani. Jirani ndiye aliyemwelekeza mgeni zahanati.

Marehemu ameacha watoto wawili, Zuwena na Najim, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Mwanafunzi hakuacha. Mola ampe usingizi ambao wanawe walishindwa kumpa. Amina.