Ndege ya Mama Badji Kutoka Ziguinchor

Hapa Pikine, pembeni mwa Dakar, benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha fundi cherehani, na mpika chai ni mimi. Chai yetu ni raundi tatu, na anayeondoka kabla ya ya tatu ametutukana. Asubuhi hiyo Badji alikuja na kanzu mpya, pasi imekolea. Mama yake alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kutoka Ziguinchor, kusini kabisa mwa nchi yetu, hadi uwanja wa Diass, huko nje kabisa ya Dakar. Badji hajamwona miaka minne, na alimwahidi: ukitoka tu, sura ya kwanza utakayoiona ni yangu.

— Imeruka saa nne kamili, Badji akasema, anainuka. Bora niende.

— Kaa chini wewe! akafoka Rubani, aliyepata jina hilo kwa kubeba mizigo uwanjani wiki mbili kabla hawajamfukuza. Ziguinchor ni kilomita mia nne na ushee.

— Hizo za barabara, nikasema, namimina ya kwanza. Angani hakuna kona.

— Hakuna kona? Na Gambia je?

Hapo Mzee Forodha akajichomeka. Ujanani alivusha sukari ya magendo, na tangu hapo kila safari kwake ina mpaka.

— Gambia iko katikati, vijana. Nchi ya watu ile! Utapitaje juu ya bati la jirani bila hodi? Ndege lazima izunguke baharini.

— Izunguke Gambia yote, mzee? Badji akauliza.

— Yote! Au itue, watu wagongewe mihuri, waulizwe wamebeba nini.

— Mama kabeba chaza wakavu na madumu mawili ya mawese, Badji akasema, uso umemshuka.

— Basi ongeza saa nzima. Maofisa wa mpakani wataonja.

Raundi ya pili ikapita. Rubani hakukubali kushindwa.

— Na foleni ya juu mmeisahau. Ndege za Ulaya kubwa, zinapita kwanza. Zetu zinasimama pembeni.

— Zinasimama? Angani? nikauliza.

— Zinasimama huku zinakwenda. Wewe hujafanya kazi kule, utajuaje?

Badji akahesabu kwa vidole. Meli ambayo mama yake kaizoea hulala njiani usiku kucha.

— Haiwezi kupungua saa tatu, akaamua.

— Nne, pamoja na mihuri, akasema Mzee Forodha.

Ningeweza kunyamaza. Lakini povu la ya tatu lilikuwa zuri ajabu.

— Maliza hii kwanza, kaka. Utawahi tu.

Akakaa. Simu ikalia, akaiweka spika ili sote tusikie.

— Ansumana, mwanangu? Nimefika.

— Umefika wapi, mama? Gambia?

— Gambia nikafanye nini? Diass! Wamenipa maji, sijamaliza chupa, wakasema tushuke. Niko nje na madumu yangu, natazama kila sura. Uko wapi?

Nikalitua birika.

— Mama, hawa jamaa wamesema ndege inazunguka, saa tatu, nne...

— Ahaa. Safari yangu mmeihesabu vizuri. Na kutoka hapo mlipo hadi hapa, ni muda gani?

Hiyo hakuna aliyeihesabu. Badji alishachomoka mbio kuelekea barabarani, simu sikioni, kandambili mkononi, na ya tatu hakuigusa.