Fundi Timazi, Aliyehamisha Kitanda Ili Awe Mkazi

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliokuja kumsindikiza, mama yetu ametuagiza tuisome historia hii bila kuvuta kamasi kila mstari, kwa kuwa mwenye historia alikuwa mtu wa kucheka, na kwa hiyo atakayecheka mahali pa kucheka asione haya.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Timazi, alizaliwa tarehe 17 Mei 1949, katika nyumba ya pili kutoka daraja la reli, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, akaanza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza mwaka 1964, na mwaka 1966 akajiunga na chuo cha ufundi, alikosomea uashi kwa miaka miwili. Huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu hakuwa akitoka nyumbani bila timazi, kile chuma kidogo chenye kamba kinachomwonyesha fundi kama ukuta umesimama wima, na hata akialikwa chai alikuwa akikitoa mfukoni, anampimia mwenyeji wake ukuta kwanza, ndipo anakaa.

Tarehe 26 Agosti 1972 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto wanne, watatu wa kwanza wakizaliwa kwa utaratibu unaoeleweka, lakini wa mwisho, tarehe 2 Novemba 1984, alizaliwa njiani, nyuma ya lori la mbao, kwa kuwa hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu, na ndiyo maana mdogo wetu anaitwa Mbao mpaka leo. Watu walicheka, na baba naye alicheka, lakini ndani ya lori lile alikuwa ameushika mkono wa mama akiamini anampoteza, na tangu siku hiyo akawa na ombi moja, kwamba hospitali ikija kujengwa katika kata yetu, ukuta wa wodi ya wazazi aujenge yeye kwa mikono yake. Alisubiri miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2009 serikali ilisaini mkataba wa ujenzi, na ndani yake mlikuwa na kipengele kwamba katika kila wafanyakazi kumi, sita wawe wakazi wa kata yetu, kipengele ambacho marehemu alikikata kutoka kwenye tangazo akakiweka mfukoni pamoja na timazi. Tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ya kazi, msimamizi wa kampuni, ambaye mtaa mzima ulimbatiza Bwana Karatasi kwa mafaili aliyotembea nayo kwapani, alishuka na gari lililojaa watu wake kutoka mbali, kila mmoja ana barua ya ukazi yenye muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Kamati ya ajira ya kata ikamweka marehemu getini awahakiki, naye barua hakuzisoma, aliuliza tu maswali, bomba la mtaa wa chini lina koki ngapi na ipi imekufa, mwalimu mkuu anaitwaje akiwa hayupo, na mbwa wa fundi cherehani ana miguu mingapi. Waliojibu kwamba ana minne walirudishwa garini. Mmoja alikuwa amekariri majibu yote, akayamwaga kabla hajaulizwa, akianza na mbwa, marehemu akacheka mpaka akashikilia geti, kisha akamwambia, "Kaka, kwa bidii hiyo wewe utapata kazi popote, ila si katika hawa sita."

Bwana Karatasi hakulipiza kwa maneno, alimleta mpima ardhi, na siku ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 2009, vigingi vilipochomekwa kuufuata mpaka wa kata, ikaonekana kwamba mstari ulipita katikati ya nyumba yetu, ukaiacha sebule na jiko ndani ya kata, na chumba cha kulala, pamoja na kitanda cha Fundi Timazi, katika kata ya jirani. Kumbe bwana maswali mwenyewe hakuwa mkazi. Wapo waliotaka jambo lile lifunikwe, lakini marehemu alikuwa wa kwanza kuvua kofia yake ya kazi, akaitundika getini bila kusubiri kuambiwa, akarudi nyumbani kwa miguu, ingawa msingi wa wodi ya wazazi ulikuwa unamwagwa zege wiki ileile.

Kesho yake kamati iliufungua mkataba, ikasoma kwamba mkazi ni mtu anayelala ndani ya kata, na marehemu akauliza mara mbili kama imeandikwa kulala au kuwa na chumba, akajibiwa kulala, akatoka mbio akiwa na miaka sitini. Alikifungua kitanda kwa bisibisi, akakipeleka sebuleni, kabati la vyombo likahamia chumbani, na mama alipoulizwa kama anafuatana naye alijibu, "Mimi nimeolewa chumba hiki, wewe nenda na chaga zako." Mama alibaki chumbani wiki mbili, na katika wiki ya tatu akatokea sebuleni na mto wake kwapani, akisema aandikiwe na yeye barua ya ukazi. Bwana Karatasi alikuja kukagua mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, akawakuta wazee wote wawili wameketi kitandani katikati ya sebule wanakunywa chai, akakosa pa kukaa isipokuwa hapohapo kitandani, akapewa kikombe, na alipomaliza akaenda kuichukua ile kofia getini, akairudisha kwa mkono wake. Yuko hapa leo, mstari wa tatu, na analia kuliko sisi.

Marehemu aliujenga ukuta wa wodi ya wazazi kuanzia tofali la kwanza, akafundisha uashi wakazi ishirini na watatu, tisa kati yao wanawake, ambao leo ndio wanaoshika kazi za serikali katika kata hii bila kubebwa na kipengele chochote, na hospitali ilifunguliwa tarehe 12 Novemba 2010. Tarehe 6 Aprili 2012 binti wa Mbao alizaliwa ndani ya ukuta ule, kitandani, kwa utaratibu unaoeleweka, na babu yake alisimama nje ameuegemea kwa kiganja, analia waziwazi kwa furaha. Kitanda cha sebuleni hakikurudi tena chumbani, kwa maelezo yake kwamba serikali huenda ikaamua kujenga kitu kingine.

Alianza kuugua moyo mwezi Juni 2023, na alipolazwa mara ya mwisho muuguzi wa mapokezi alimuuliza kama ni mkazi wa kata hii, akamjibu, "Muulize mke wangu ninalala wapi," kisha akagonga kigae cha ukutani, akasema kinalia utupu, kirekebishwe. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, akiwa na miaka sabini na minne, mama akiwa ameushika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao kigae wamekirekebisha, majirani mliotuletea maji na viti, na mafundi mliotufungulia kitanda ili jeneza lipate nafasi sebuleni. Tumsindikize sasa. Makaburi tunayokwenda yako ndani ya mpaka, mpima ardhi ameangalia, na Bwana Karatasi ameangalia tena, kwa hiyo lala kwa amani, Timazi, maana mkazi ni wa pale anapolala, na wewe umelala kwenu.