Nguchiro Apewe Kazi

Mimi ndiye ninayemimina kahawa pale kijiweni, kwenye benchi lililobanwa kati ya karakana ya seremala na kibanda cha fundi simu, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale hupita masikioni mwangu ukiwa bado wa moto. Asubuhi hiyo tulikuwa na meza. Kwa kawaida vikombe vyangu hukaa chini, vinapigwa teke, na mimi nanuna mpaka mchana. Lakini Gundi, fundi viatu, alikuja amejitwika mlango wa banda lake la kuku ili seremala autie komeo jipya, maana seremala wetu haendi na msumeno majumbani. Kazi ndiyo humfuata. Tunamwita Kesho, na ukishampa kazi utajua kwa nini. Aliulaza mlango juu ya matofali, akasema apate kahawa kwanza mkono utulie. Nikapanga vikombe juu yake, roho yangu kwatu.

Gundi alikuwa anasafiri mchana ule kwenda kumchukua mkewe, aliyekuwa kwa binti yao aliyejifungua.

— Nitalala huko, alisema. Na nguchiro keshaonja. Juzi kachukua tetea mchana kweupe, mimi niko uani nashona kiatu.

— Nguchiro ndiye yupi? aliuliza Waya, fundi simu. Yule mrefu kama soksi?

— Huyohuyo. Na kuku wenyewe si wangu. Ni uzao wa kuku ambao mke wangu aliachiwa na marehemu mama yake. Kaniambia, nikikuta manyoya, usinieleze kitu, fungasha. Jamani, mimi naogopa.

Hatukucheka. Mke wa Gundi tunamjua.

— Si umwachie jirani? nikasema.

— Yule jirani? Nikimpa kuku wangu, itabidi nitafute nguchiro wa kumlinda yeye.

Waya akasogea.

— Acha redio inaguruma. Weka wale wanaobishana mpira. Nguchiro akisikia, anajua nyumba ina wanaume.

— Redio ninayo, betri ndiyo sina.

— Basi nikurekodi kwenye simu ukikohoa. Kohoa.

Gundi akakohoa. Waya akarudia kusikiliza, akatikisa kichwa.

— Hiki hakitishi mtu. Hiki ni kikohozi cha mtu anayeomba radhi.

Hapo Mzee Breki akaweka kikombe chini. Ni dereva mstaafu, ana methali kwa kila jambo, na sijawahi kuona hata moja iliyokaa mahali pake.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo wavishe kuku nguo zako.

— Kivipi, mzee?

— Nguchiro akikaribia atakuta harufu yako. Mimi nimekaa nawe benchi moja miaka yote hii. Hamu ya kula inakata.

— Mambo madogo haya, alisema Kesho, nyundo ikiwa bado mfukoni. Tundika kioo bandani. Nguchiro akichungulia anamkuta mwenzake kashawahi. Anaona zamu imechukuliwa, anarudi kwao.

— Na jogoo akijiona kwenye hicho kioo? aliuliza Waya.

— Atapigana.

— Na nani?

— Na jogoo.

— Kwa hiyo nguchiro akija atakuta kazi imeshafanywa nusu.

Mzee Breki akaninyooshea kikombe nimwongeze.

— Mnahangaika kumtisha bure. Adui mwombee njaa, hapo wahenga waliteleza. Huyu akiwa na njaa ndipo anapokuja. Mwombee shibe. Mlishe kabla hujaondoka.

— Nimlishe nini?

— Anachopenda.

— Anapenda kuku, mzee.

— Sasa si unao?

Gundi akajishika kichwa. Mzee akaona amemchoma, akalegeza sauti.

— Basi mpe kazi.

— Nani?

— Nguchiro. Sikiliza. Nilipokuwa naendesha malori tulikuwa na utingo anaiba sukari kila safari. Tajiri akamfanya mlinzi wa ghala. Sukari ikaacha kupungua.

— Ikaacha kabisa?

— Kabisa. Ghala lilikuwa tupu.

Ajabu ni kwamba hoja ile ilitukaa. Waya akataka nguchiro apewe filimbi. Kesho akaahidi kumchongea kiti. Gundi, aliyekuja pale karibu na machozi, akaanza kuuliza kama mlinzi wa namna hiyo hupewa likizo. Nami, Mungu anisamehe, nilitetea kwa moyo wangu wote kwamba alale ndani na kuku, kwa sababu mlinzi haachwi nje na baridi.

Tulikuwa hapo kwenye malazi yake alipopita mama mmoja muuza sabuni, mgeni mtaani. Akatua ndoo yake, akaomba kikombe. Aliponyanyua kile nilichommiminia, akatazama mahali kilipokuwa. Manyoya mawili yalikuwa yamenasa kwenye bawaba.

— Baba, mbona meza yenu ina bawaba?

— Huu ni mlango, mama, nikamjibu. Wa banda la kuku wa huyu bwana. Tunamtafutia njia ya kuwalinda akisafiri.

Akapuliza kahawa, akanywa kidogo.

— Na sasa hivi banda limefungwa na nini?

Kesho akaitoa nyundo mfukoni, akaitazama.  Mzee Breki, wahenga wote walimkimbia. Gundi hakusubiri jibu. Aliubeba mlango na vikombe vyangu vyote juu yake, vikamwagika njia nzima, naye akapanda mtaa akikimbia na mlango kichwani.

 Kidole cha Waya kikagusa simu, ikakohoa, kile kikohozi cha mtu anayeomba radhi.