Dernière ligne droite ya Amani

Mwaka 2002, siku redio iliposema mazungumzo ya amani yameingia "dernière ligne droite", wazee wa kijiwe cha Mama Kulthumu, pale Baraka, walisahau hata kutia sukari kwenye kahawa. Aliyekaa roho juu ni Ramazani, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mkewe Munira na watoto walikuwa kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na Élie mwenye boti alikuwa anavuka asubuhi ileile. Ramazani alisubiri neno moja tu la kuwapelekea: warudi au wakae.

— Ile maneno iko na maana gani? Ramazani aliuliza.

— Ya mashindano ya kinga, ya baiskeli! alijibu Nicolas, fundi baiskeli waliyemwita Pédale. Kona zote zimeisha, njia ya mwisho imenyooka. Unaona mwisho na macho yako. Muntu anainuka ku kiti, anakanyaga!

— Uongo, alisema Isidore, karani wa zamani, jina lake la kijiweni Bureau. Iko ya farasi. Na pale ku mwisho ndipo fimbo inalia zaidi.

Ramazani alishusha kikombe.

— Zaidi kuliko mwanzo?

— Zaidi sana.

— Sasa sisi ni banani? Benye kupanda farasi, ao farasi yenyewe?

— Bureau, unamutisha muntu bure, alisema Pédale. Wahenga walisema haraka haraka haina Baraka. Siye tuko Baraka tayari, basi tumeisha fika!

— Kutoka hapa mpaka Uvira ni kona tupu, alisema Mama Kulthumu. Amani itanyookea wapi?

— Itapita juu ya maji, Bureau alikata shauri. Ziwa haina kona.

Wakati huo alisimama mbele yao mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mzigo wa miti ya muhogo kichwani.

— Jambo, bazee. Mi Pulchérie, natoka Fizi. Naenda kupanda shamba yangu kule Mboko. Leo njia iko muzuri, haina vita?

Pédale alimtazama Bureau. Bureau aliitazama redio. Redio ilikuwa inapiga muziki.

Mama Kulthumu alisogea, akamwachia mgeni nafasi kwenye benchi.

Ramazani alishuka ufukweni mbio. Mashine ya boti ilishawaka.

— Élie! Umwambie Munira angoje kwanza.

— Kwa nini? Redio ilisema vibaya?

— Hapana. Redio ilisema muzuri. Ni siye tulishindwa kumujibu mama moja.