Mikono ya Mama Thérèse, Kutoka Northfield Hadi Nan

Ijumaa tarehe 31 Julai, Mama Thérèse Nabintu anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwahudumia wazee katika nyumba yetu hapa Northfield, Birmingham. Meneja wetu, Paramjit, ametupa ukurasa huu wa jarida tuuandike kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa nusu yetu ndiyo lugha tunayopigia soga jikoni. Mimi, Edah, nimepewa kalamu kwa sababu ni Mama aliyenifundisha kazi.

Alizaliwa Bukavu, akafika Birmingham na binti mdogo, Déborah, na sanduku moja. Kiingereza alijifunza kwa wazee wetu, ndiyo maana mpaka leo anakiongea kama bibi wa miaka tisini. Samaki wa chumvi aliyempasha moto kwenye maikrowevu siku moja aliwafanya wakaguzi wafupishe ziara yao, na hakuna aliyelalamika.

Kwa sisi wageni kazini alikuwa na sheria moja: mzee havutwi, anangojewa. Unampa mikono, unakunja magoti kidogo, unasubiri mwili wake uamue. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mzee aliyeanguka akiwa naye.

Februari mwaka huu Mzee Kuldip, fundi mstaafu wa magari, aliteleza akielekea na Mama chumba cha chakula, akavunjika kifundo cha mkono. Uchunguzi ulionyesha kwamba sakafu ilikuwa na maji na kwamba Mama hana kosa. Hakusikia la mtu. Aliandika barua ya kuacha kazi, akasema hataki sherehe wala kadi, mikono yake imekwisha. Tuliumia, maana mwalimu wetu sote alikuwa anajiondokea kimya kimya kama mtu aliyeiba. Paramjit aliitia barua ile kwenye droo, akamwamuru achukue likizo kwanza.

Akaenda kwa Déborah, ambaye sasa ni mwalimu huko Nan, mji mdogo wa mkoani kaskazini mwa Thailand. Yaliyompata huko ametusimulia mara nyingi, na kila mara sauti yake hushuka.

Kwanza alipelekwa makumbusho, yaliyomo katika jumba la watawala wa zamani. Ndani kuna pembe ya ndovu nyeusi, ndefu karibu kama mtoto wa miaka mitatu, imebebwa mabegani na kiumbe wa kuchonga, nusu ndege nusu mtu. Mama anatoka nchi ya ndovu, lakini pembe nyeusi hakuwahi kuiona. Alisimama mbele yake mpaka mlinzi akamletea kiti. Anakiri kwamba alimwonea wivu yule kiumbe, anayebeba mzigo ule miaka yote bila kuuangusha.

Hekalu la Phumin liko hatua chache kutoka pale. Mama ni mtu wa kanisa, akasita mlangoni, akamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba amekuja kutembea tu, akavua viatu. Nyoka wawili wakubwa wa kujengwa wamepenya jengo zima, vichwa upande huu, mikia upande ule. Katikati wameketi Buddha wanne wa dhahabu, wamepeana migongo, kila mmoja akitazama mlango wake. Kuta zimejaa picha za watu wa kale: wanaofuma, wanaonong'onezana, wanaobeba. Mama, asiyenyamaza hata kwa daktari wa meno, alikosa neno. Anasema alijisikia mdogo, na kwamba udogo ule ulimpumzisha.

Tangu uwanja wa ndege Déborah alikuwa amemwonya: mwanamke hamgusi mtawa, hata nguo. Walipokuwa wakitoka, mtawa mzee sana, mwenye joho la rangi ya bizari, alikuwa akishuka ngazi. Mguu ukakosa kidato. Kabla Déborah hajafungua kinywa, mkono mmoja wa Mama ulikuwa chini ya kiwiko cha mzee yule na mwingine nyuma ya kiuno, magoti yamekunjwa, vile vile anavyotufundisha. Mtawa hakuanguka.

Waumini waliokuwa pale waligeuka kutazama. Mama alipotambua alichofanya, aliruka nyuma, akapiga magoti.

"Déborah, umuambie anisamehe," alisema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Sikufanya makusudi, mikono njo ilienda yenyewe."

Mtawa alijishikilia ukutani, akacheka mpaka akakohoa. Alisema sheria anaijua, na ngazi ile anaijua pia. Akauliza mama huyu anafanya kazi gani. Déborah alipomweleza, pamoja na habari ya barua, mzee aliuliza jambo moja tu.

"Na wale wazee wake, leo wanashikwa na nani?"

Usiku huo Mama aliangalia nauli za kurudi.

Jumatatu ya kwanza ya Aprili aliomba barua yake, akaichana mbele ya Paramjit, akasema ataondoka siku yake ya kustaafu ikifika. Tangu aanguke, Mzee Kuldip alikuwa amekataa kutembea, tukimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nilikuwa mlangoni kwake na toroli la chai Mama alipoingia. Hakuomba msamaha wala kubembeleza. Alikunja magoti, akanyoosha mikono yote miwili, akangoja. Chai ilipoa. Mwishowe Mzee aliweka ndani ya viganja vile mkono ule ule uliovunjika, wakaenda kula.

Mama Thérèse, asante kwa kila mwili uliousimamisha, na kwa kutufundisha kungoja. Upumzike vizuri, na Déborah akutembeze mahekalu yote yaliyobaki. Sherehe yako ipo, kadi ipo, na utatoka kwa mlango wa mbele. Tulikuwa tunabishana nani akusindikize hadi kwenye gari, Mzee Kuldip akatukatiza. Amesema ni yeye, na kiti cha magurudumu kibaki chumbani.