Wembe wa Kitinda Mimba

Jumamosi saa tatu asubuhi, kinyozi mzee, mgonjwa hoi kitandani, alikataa kunyolewa na kifungua mimba wake. Aliagiza wembe apewe kitinda mimba, binti aliyesimama mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi. Kisha akasema:

"Sikilizeni wanangu, nawe mkubwa toa mikono mfukoni, maana haya ni ya mwisho na sina pumzi ya kuyarudia. Huyu mdogo wenu alivuta unga. Aliiba mashine yangu ya kunyolea akaiuza, mimi nikabaki na mteja kitini, kichwa nusu uwanja nusu kichaka. Simtetei. Lakini mtoto akinyea kiganja hakikatwi, huoshwa. Ninyi mlikimbilia shoka.

Alitibiwa, akarudi, akashika kazi. Ni wewe, mkubwa, uliyemwambia mteja, mdogo wako akisikia, 'Kaka, chunga shingo yako, huyo ni teja.' Yule bwana akashuka kitini na povu lake kidevuni. Jioni ile ile mtoto akaurudia unga. Aliyevuta ni yeye. Aliyemsindikiza ni nani? Na wewe wa kati, usiyekosa ibada, ukamtengea kikombe cha bati, kana kwamba uraibu huambukiza kwa chai. Akajiinua, akarudi matibabuni kwa miguu yake, na alipotoka akakuta mmebadilisha kufuli ya kibanda changu cha kunyolea. Changu, nami ningali hai!

Basi. Nyumba ni yenu nyote watatu, na atakayemfukuza mwenzake humo, radhi yangu hana. Kibanda, kiti na kioo ni vya huyu. Akianguka tena, maana anaweza, mwinueni, mkamtunzie kiti chake mpaka apone. Hujafa hujaumbika.

Binti yangu, mama, njoo. Paka povu. Usiuogope wembe. Mimi pia niliuogopa siku ya kwanza. Anzia shavuni... shingo iache mwisho. Ninyi tazameni, msigeuze nyuso. Mungu awape macho ya kumwona ndugu yenu... awaweke pamoja. Mkubwa, ule ufunguo wa kibanda. Mezani. Sasa shingo, mama... taratibu... nimechoka."

Kifungua mimba aliweka ufunguo mezani. Binti alimaliza shingo, akapangusa povu la mwisho. Taulo ilibaki nyeupe, bila tone la damu.