Wasifu wa Daktari Pingili, Aliyehesabu Migongo ya Watu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga. Wagonjwa walimwita Daktari Pingili, na hata sisi nyumbani tukalizoea jina hilo.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1971 na chuo cha udaktari mwaka 1977. Kuanzia 1986 hadi 1992 alikuwa ng'ambo akisomea upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Alibembelezwa abaki huko. Akarudi.

Kwa miaka ishirini na mitano alitibu diski zilizochomoza, migongo iliyopinda na uvimbe uliobana uti. Kabla ya kushika kisu alihesabu pingili kutoka chini, muuguzi akahesabu kutoka juu, kisha eksirei ikapigwa palepale mezani. "Mgongo haukuandikwa namba," aliwaambia wanafunzi. Mashine ilipoharibika, aliahirisha upasuaji. Uongozi wa hospitali ukamwandikia kwamba anarefusha foleni. Akajibu kwa maneno mawili: "Kawia ufike." Mwaka 2017 aliomba mkataba wa nyongeza, wakamnyima, wakampa keki na saa ya ukutani.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993 na mtaalamu wa tiba ya viungo. Wifi yangu husimulia jinsi alivyotongozwa: "Wenzangu walisifiwa macho. Mimi niliambiwa, 'Dada, nyonga yako ya kushoto iko chini kidogo.'"

Mganga hajigangi. Januari mwaka huu miguu yake ilianza kufa ganzi, na uvimbe ukaonekana katikati ya mgongo. Alipasuliwa tarehe 3 Februari, katika chumba kilekile alichofanyia kazi, na mwanafunzi wake mwenyewe. Mashine ya eksirei ilikuwa mbovu. Wakahesabu kwa vidole, mara moja tu. Kesho yake alipigwa picha katika jengo la pili. Akaiinua dirishani, akahesabu.

"Mwanangu, umefungua pingili ya juu yake, si yenye uvimbe."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Wewe nimekusamehe. Aliyekuingiza mle bila mashine, huyo bado."

Upasuaji wa pili, tarehe 20 Februari, ulikuta miguu imeshapooza. Vikafuata vidonda vya kulala, kisha nimonia. Alifariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Uongozi uliniomba niandike kwamba "aliugua kwa muda mfupi." Siandiki. Nina hasira, na nimeona niisome hapahapa, mbele ya shada lao la maua.

Ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mimi dada yake. Kesho kutwa wagonjwa wanne wamepangiwa upasuaji wa mgongo katika chumba kile, na mashine bado haijatengenezwa.

Kaka yetu apumzike kwa amani. Uongozi tusiuache upumzike.